Mwisho wa Meza

Meza ilirudi Jumanne, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, imelazwa ubavu juu ya mkokoteni na kufungwa kwa blanketi na kamba ya manila. Fundi seremala na mwenzake waliipitisha mlango wa mbele kwa kuwa wa nyuma ulikuwa mwembamba, na Dada akatangulia kuondoa zulia, stuli na vyungu vya maua ili wasijikwae. Ilipovuliwa blanketi, sebule nzima ilijaa harufu ya vanishi. Mbao ambazo zilikuwa nyeusi kama masizi, zimejaa alama za vikombe na mikwaruzo ya visu, sasa zilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, na ukiinama uliweza kuona kidevu chako. Mama alipitisha kiganja juu yake, akakikagua, akasema, "Angalau umefanya kazi."

Fundi akawaonyesha ilivyo. Ilikuwa meza ya kuvuta. Ukizishika ncha zake mbili na kuzivuta, uso unagawanyika katikati, reli za mbao zinaonekana kwa chini, na katika lile pengo unapachika ubao wa ziada.

"Ila nimetoa misumari mingi," alisema. "Mtu alizipigilia reli kwa chini, misumari mirefu, kama anafunga jeneza."

"Ni marehemu baba yao," alisema Mama. "Alikuwa anasema inamsumbua."

Fundi akaitikia kama mtu aliyeambiwa kwamba jana mvua ilinyesha, akakunja blanketi lake.

Meza ile Mzee, mume wa Mama, aliinunua mnadani siku za ujana wake. Alipofariki ilitupwa stoo, ikabebeshwa mabati na makopo ya rangi, familia ikawa inakulia meza ya plastiki. Sasa ilitolewa kwa sababu Mdogo, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa anachumbia, na wazazi wa binti walikuwa wamealikwa kula chakula cha mchana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mama hakutaka wakwe waweke viwiko vyao kwenye plastiki.

Mbao za ziada zilikuwa tatu. Wa kwanza ulikutwa stoo. Wa pili ulikuwa rafu ya sufuria jikoni. Wa tatu ulikuwa chini ya godoro la Dada, ambako Mzee mwenyewe aliuweka zamani chaga za kitanda zilipovunjika, na Dada alikuwa ameulalia tangu wakati huo. Meneja, kaka yake Mdogo, ndiye aliyeingia chumbani na fundi, wakainua godoro na kuutoa.

"Nitakuletea chaga mpya," alisema Meneja. "Wiki hii hii."

Dada akashukuru. Tangu siku ile alilala katikati pamebonyea, kama mgonjwa kwenye machela.

Watu wote walimwita Dada, kuanzia Mama mpaka muuza maziwa. Jina lilianza siku Mzee alipomleta, amemshika mkono, msichana wa umri wa kuanza shule, mama yake amezikwa juzi. Mzee alisimama mlangoni akasema, "Huyu ni dada yenu, atakaa na sisi," kisha akaenda kunawa mikono. Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Mama, aliyekuwa na mtoto mmoja anayetambaa, alilisikia neno lile, akaligeuza huku na huku, akaona lina maana mbili, akachukua ile iliyomfaa. Kabla jua halijatua msichana alikuwa ameshikishwa ufagio. Neno lenyewe halikuhitaji kubadilishwa. Lilivaliwa pande zote, kama kitambaa kisicho na ndani wala nje.

Mtoto aliyekuwa anatambaa ndiye sasa Meneja, mkubwa wa ofisi ya bima, ambaye alikuwa na nyumba yake lakini alikula kwa mama yake tangu mkewe alipofungasha virago. Alipoanza shule, Dada ndiye aliyembebea mkoba mpaka getini, akasubiri nje hadi kengele ya kutoka. Mdogo alipozaliwa, Dada alimbeba mgongoni hata bega lake likaota alama ya fundo la kanga. Dada alikuwa na masikio ya Mzee, yaliyojitenga na kichwa kama vipini vya sufuria. Meneja naye alikuwa nayo. Wageni waliyaona masikio yale yakipishana sebuleni, jozi moja imebeba sinia, jozi nyingine inasoma gazeti, nao wakaomba sukari. Hakuna aliyeambiwa na hakuna asiyejua.

Siku ya kwanza ya kula kwenye meza ile walikuwa watatu: Mama, Meneja na Mdogo. Dada alipakua, akarudi jikoni, akakaa kwenye stuli yake na sahani mapajani, kama kawaida. Supu ilikuwa haijaisha Meneja alipogundua kwamba haifikii chumvi. Meza ilikuwa imefunguka katikati, upana wa kiganja, na ncha ya upande wa jikoni ilikuwa imesogea. Aliisukuma, ikarudi. Walipofika kwenye nyama ilikuwa imefunguka tena.

"Ni joto," alisema Mama. "Mbao zikipata joto hutanuka."

Siku zilizofuata ilitanuka zaidi. Mbao tatu za ziada, zilizokuwa zimeegemezwa ukutani, asubuhi moja zilikutwa zimejipachika mahali pake. Kisha ukaongezeka wa nne, ambao hakuna fundi aliyeuchonga, wenye mishipa ileile na vanishi ileile. Meneja akaenda dukani akanunua misumari, akavua koti la suti, akalala chali chini ya meza na kuzipigilia reli kama baba yake. Kufika mchana misumari yote ilikuwa sakafuni, imenyooka, haina hata alama ya nyundo. Dada akaifagia.

Fundi aliitwa. Alizunguka meza mara moja, akainama, akachungulia chini, akaelekea ilikoelekea meza, yaani kwenye ukuta wa jikoni, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Meza haina ubaya," alisema. "Kuna mtu wa nyumba hii hajakaa."

Mama akaangalia dirisha. Meneja akaangalia simu. Mdogo akaangalia mikono yake. Dada alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chai ya fundi, akaiweka mezani, na kwa kuwa meza ilikuwa ndefu ilimbidi fundi asogee kuifuata.

"Niliwahi kutengeneza nyingine ya namna hii," aliendelea fundi, akikoroga sukari. "Nyumba ya watu wazito. Walikuwa na mjomba wao hawazungumzi naye. Wakamwita, akaja, akala, meza ikajifunga yenyewe. Mpaka leo wanaitumia."

"Sisi hatuna mjomba," alisema Mama.

"Haya."

"Hakuna njia nyingine ya kiufundi?" aliuliza Meneja. Alilisema neno hilo kwa sauti ya ofisini.

Fundi akafikiri. "Ipo. Toboeni ukuta. Ikipata njia haitawasumbua. Meza haijali inapita wapi."

Waliitazama hiyo njia kwa muda wa chai kupoa, na ikawapendeza. Ilikuwa njia ambayo mtu angeweza kumlipa mwashi na ikaisha. Kesho yake mwashi alikuja na tindo na nyundo, akabomoa nafasi ya upana wa meza na urefu wa mtu aliyekaa. Vumbi lilitua kwenye mchele uliokuwa umepepetwa, Dada akaupepeta upya. Alasiri ileile meza ilipita kwenye tundu, ikaota jozi nyingine ya miguu upande wa jikoni, ikalisukuma friji kando polepole bila kuangusha kitu, ikaja ikasimama mbele ya stuli ya Dada, usawa wa mbavu zake. Alikuwa anakula. Aliitazama sahani iliyo mapajani, akaitazama meza, akaipandisha sahani juu. Kimo kilikuwa sawasawa. Alikula maharage yake mgongo umenyooka, na baada ya muda akagundua kuwa hajazoea, maana mgongo ulianza kumuuma.

Meza ikatulia. Mama akatafuta kitambaa kilichobaki kwenye mapazia, akakishona kiwe pazia dogo la kuziba lile tundu, lenye mkato chini wa kupitishia mbao. Alisema ni kwa ajili ya moshi wa vitunguu.

Jumatano kabla ya wageni, Mdogo aliingia jikoni, akavuta ndoo, akaketi upande wa pili wa ule mwisho wa meza. Alikuwa na tabia ya kuja kudokoa nyama, lakini siku hiyo hakudokoa.

"Dada," alisema, "Jumamosi nitasema."

Dada alikuwa anamenya viazi. "Utasema nini?"

"Kwamba wewe ni nani. Mbele ya wote. Wanamleta binti yao humu, wana haki ya kujua anaingia kwa watu gani. Na mimi nimechoka."

"Umechoka nini?"

Swali lile lilimkwaza kidogo. "Kunyamaza," alisema hatimaye.

Dada alimenya kiazi mpaka mwisho, ganda likatoka moja refu. "Usianze kitu ambacho hutakimaliza."

"Nitakimaliza. Wewe vaa lile gauni lako la kijani, ukae hapa mahali pako, pazia likiwa wazi. Niamini."

Dada hakuwa mtu wa kujipa matumaini bure. Maisha yalikuwa yamemfundisha kujikaza kisabuni na kusonga mbele. Lakini yule alikuwa mtoto aliyelala mgongoni kwake, ambaye yeye alimfundisha kutembea kati ya jiko na mlango, na Alhamisi alijikuta amelipiga pasi gauni la kijani kabla ya kumaliza mashati ya Meneja. Ijumaa alijaribu kulisema neno mwenyewe, kwa sauti ndogo, akiwa peke yake na sufuria. Sio lile la "Dada." Alisema "kaka." Alilisema mara moja, likasikika kama jina la mtu asiyemjua.

Jumamosi wageni walifika saa ya kufika. Baba wa binti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kuuliza kitu kisha kujibu mwenyewe. Mama wa binti alikuwa mshonaji wa sare za shule na jicho lake lilipima kila mtu mabega alipoingia. Binti mwenyewe, mchumba wa Mdogo, alikuwa mfamasia, mtulivu, anayesikiliza huku ameinamisha kichwa. Waliisifu meza. Baba wa binti alifuata urefu wake kwa macho mpaka ulipotumbukia ukutani.

"Inaendelea?" aliuliza. "Inaendelea. Mbao za zamani hizo."

"Ni za zamani sana," alisema Meneja.

Mdogo alikuwa ameifunga pembe moja ya pazia kwa kibanio cha nguo. Kwa hiyo kila aliyekaa upande ule aliona, mbali mwishoni, mwanamke wa makamo mwenye gauni la kijani amekaa wima mbele ya sahani tupu. Dada alikuwa amepakua kila kitu na kukipeleka, wali, kuku, mboga, kachumbari, akavua aproni, akaketi. Moyo ulikuwa unamdunda mpaka akadhani kijiko chake kinatikisika. Kwa kweli kilikuwa kinatikisika, kwa sababu upande ule mwingine Mdogo alikuwa anatikisa goti chini ya meza.

Walikula. Walizungumza habari za joto, za karo, za mtu fulani aliyejenga vibaya nyumba yake. Mama wa binti alimung'unya kipande cha kuku, akafumba macho kidogo, akainua shingo kuangalia kwenye tundu.

"Na kule mwisho amekaa nani?" aliuliza.

Vijiko vikapunguza mwendo. Mama akafungua kinywa, lakini Mdogo alimtangulia. Alisukuma kiti nyuma akasimama. Uso wake ulikuwa umepauka, na sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka.

"Yule," alisema Mdogo, "ni dada yetu."

Alilisema lote. Dada alilisikia likija juu ya mbao, likapita tunduni, likafika. Aliweka viganja vyake viwili juu ya meza, ili ainuke.

"Aa, dada yenu," alisema mama wa binti, akitabasamu. "Ana mkono mzuri sana. Mlimpata wapi? Mimi wangu anachoma hata maji."

Baba wa binti akacheka. Mdogo alibaki amesimama. Alikuwa na nafasi ya kutosha. Mtu angeweza kunywa maji glasi nzima katika nafasi ile. Meneja akafuta midomo kwa kitambaa.

"Baba alimleta," alisema Meneja. "Zamani sana."

"Basi mshikilieni," alisema mama wa binti. "Siku hizi hawapatikani."

Mdogo akakaa. Dada, aliyekuwa anamtazama yeye tu, aliona mabega yake yakishuka, si kwa huzuni. Yalishuka kama mabega ya mtu aliyetua gunia. Alikuwa amesema kweli mbele ya wote, na hakuna kilichotokea, na rangi ilikuwa inamrudia usoni. Mchumba wake ndiye pekee aliyekuwa bado anatazama kule jikoni. Alitazama masikio ya Dada, kisha akageuka akatazama ya Meneja, kisha akashusha macho kwenye sahani yake, akakata kuku vipande vidogo vidogo sana.

Dada akainuka, akavaa aproni, akapeleka matunda.

Baadaye Mdogo alikuja jikoni na sahani chafu, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Umenisikia, Dada? Nimesema."

"Nimesikia."

"Nimesema wazi kabisa. Wao ndio hawakuuliza zaidi."

"Waliuliza," alisema Dada. "Waliuliza mlinipata wapi."

Mdogo akasimama na zile sahani. Alitaka aambiwe kitu, lakini Dada alikuwa amefungua bomba, na maji yalikuwa yanapiga kelele kwenye sinki. Aliziweka, akarudi kwa wageni.

Dada aliosha vyombo vyote, akavikausha, akavipanga. Asubuhi ya Jumapili alipika chai kama siku zote, akaipeleka, kisha akatoka chumbani na begi. Halikuwa zito. Mama alikuwa peke yake mezani, Mdogo bado amelala.

"Unakwenda wapi na begi?"

"Naondoka, Mama."

"Kwa ajili ya jana?"

"Jana hakukuwa na kitu, Mama. Ndiyo maana naondoka."

Mama akasogeza kikombe chake katikati ya kisahani. Alikuwa amezeeka, na asubuhi, kabla hajavaa kilemba, alionekana amezeeka zaidi.

"Nilikuwa msichana na mtoto wa kwanza kifuani," alisema. "Mwanamume ananiletea mtoto mkubwa kuliko wangu, ananiambia neno moja, anakwenda kunawa. Ningefanya nini?"

"Ungemuuliza."

"Angenijibu?"

Dada akafikiri kwa haki. "Hapana," alisema.

"Basi." Mama akanywa. "Nilikulisha. Nilikuvisha. Sikukunyanyulia mkono. Kuna watoto wa namna yako waliokutwa mitaroni."

"Ndiyo, Mama. Asante."

Mama alisubiri, kama mtu anayeona shukrani ile haijafika mwisho. Haikuongezwa kitu. Aliangalia pembeni, na kwa dakika ile ilionekana kuna jambo anataka kulisema, jambo la zamani na lenye pembe, na Dada alisimama akalisubiri. Alikuwa tayari kuweka begi chini.

"Funguo za stoo ziko wapi?" aliuliza Mama.

Dada akazitoa mfukoni mwa gauni, akaziweka mezani, akatoka kwa mlango wa mbele, kwa kuwa wa nyuma ulikuwa na ndoo.

Alipata chumba mtaa wa tatu, nyuma ya gereji ya matairi. Mbele ya chumba palikuwa na kibaraza chenye bati, akaanza kuuza chai, mayai, maharage na mikate. Mafundi wa matairi walikuja kwanza, kisha makarani wa karibu, kisha wauguzi wa zamu ya asubuhi kutoka zahanati. Walikula wamesimama, sahani juu ya matairi. Walimuuliza anaitwa nani. Swali lilikuwa geni, lakini akawaambia jina alilopewa na mama yake mzazi, na ilimchukua wiki nzima kugeuka anapoitwa.

Kule nyumbani meza iliamka siku aliyoondoka. Iliupanua mlango wa nyuma kwa kadiri yake, ikatoka, ikaangusha ndoo, ikavuka ua. Iliubomoa ukuta wa jirani tofali kwa tofali, kwa adabu, ikayapanga matofali kando. Jirani, mzee mjane, alilalamika kwa Meneja, Meneja akaandikiana barua na manispaa, manispaa ikatuma mtu aliyepima upana, akasema haizibi barabara, ila ipakwe rangi ya njano pembeni ili waendesha pikipiki waione. Jirani akaona inafaa kuanikia nguo, akaacha kulalamika. Ikakatiza saluni, ikapita chini ya vioo, na wenye kusubiri kusukwa wakawa wanaweka mikoba yao juu yake. Kila baada ya hatua chache iliota miguu mipya, na mvua ilipoinyeshea, vanishi haikubabuka. Watu walisema huyo fundi alijua kazi yake.

Ilimfikia Dada asubuhi moja akiwa anavunja mayai. Ncha yake ilizunguka kona ya gereji, ikapita kati ya matairi, ikapanda kibarazani na kusimama mbele yake, kimo kilekile. Aliitambua. Aliweka bakuli la mayai juu yake akaendelea kupiga. Mafundi wakaleta viti, wakakaa, wakasema sasa hapa pamekuwa mahali.

Alikuwa na jambo moja tu lililomsumbua. Mchana, akiegemeza kiganja kwenye mbao, alihisi vijiko vya kule mwisho mwingine. Aliwajua wote. Meneja alikuwa na kishindo cha haraka, cha mtu mwenye mkutano. Mama alikuwa na mazoea ya kugonga meza kwa kijiko mara mbili akitaka chai, na aliendelea kugonga hata baada ya kuajiriwa dada mwingine, binti asiyesikia vizuri. Kila kishindo kilipofika, miguu ya Dada iligeuka yenyewe kuelekea birika. Alijifunza kuishika. Alikuwa anaibana chini ya kiti, mpaka kishindo kipite.

Harusi ya Mdogo ilipita. Alisikia kwa msusi wa saluni, aliyemsuka bibi harusi. Msusi alisema bibi harusi alikuwa mkimya, na aliuliza mara moja tu ile meza inaishia wapi.

"Nikamwambia kwako," alisema msusi. "Akasema basi."

Mdogo alikuja miezi kadhaa baadaye, siku ya kazi, saa za asubuhi watu wakiwa wamepungua. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuja kwa barabara ya lami, akiizunguka meza kwa mbali, ingawa kuifuata kungekuwa karibu zaidi. Aliketi. Dada akamwekea chai, mayai mawili, mkate. Alikula vyote kwa heshima, akasema hajala mayai ya namna ile tangu Dada alipoondoka. Kisha macho yakamlowa, akayafuta kwa mgongo wa mkono, na Dada alimwacha ayafute.

"Mama anakusalimu," alisema.

"Nashukuru."

"Hajambo, ila miguu. Na huyu msichana tuliyempata hajui kitu." Akazungusha kikombe. "Mama amenituma. Anasema, kama ungeweza kurudi. Si lazima kila siku. Hata siku tatu kwa wiki. Mshahara ungeongezwa, Meneja amekubali. Anasema nyumba bila wewe si nyumba."

Dada alikuwa amesimama upande wake wa meza, kitambaa mkononi. Alimtazama mpaka kijana akaangalia chini. Kwa mbali, chini ya kiganja chake, kijiko kiligonga mara mbili, na safari hii miguu yake haikugeuka.

"Ndivyo alivyosema? Nirudi kazini?"

"Alisema urudi." Mdogo akameza mate. "Nimwambie nini, Dada?"

Kulikuwa na chai iliyomwagika karibu na kikombe chake, inaelekea kwenye mkono wa shati.

"Inua mikono," alisema Dada, kwa sauti ileile ya siku za kumvua shati kwenda kuoga.

Mdogo akainua mikono yote miwili. Dada akafuta pale mbele yake, akachukua sahani na kikombe, akakung'uta makombo. Muuguzi mmoja alikuwa amefika, amesimama nyuma ya kiti, anasubiri nafasi. Mdogo akamwona, akainuka kumpisha.